Oili ya Nguzo Kumi na Moja

"Nani ameiunguza hii?" Baba aliuliza.

Alikuwa amekaa kwenye stuli ya jikoni, uani kwetu, mtaa wa Kambarage, fimbo katikati ya magoti, akinusa kidole alichokichovya kwenye beseni. Oili ya giaboksi ikiwa nzima huwa nyekundu kama juisi ya rozela. Hii iliyotoka kwenye gari letu ilikuwa na rangi ya kahawa, na ilinuka kama maharage yaliyoungulia chunguni. Mimi nilikuwa chini ya gari, nimelalia gunia.

Nilikuwa na shahada moja, simu yenye bando, na mkataba uliokwisha kwenye ofisi moja ya mgodi huko Geita. Nilikuwa pia na tabia ambayo Mama aliiita ugonjwa: kila nikiambiwa jambo, nauliza limetoka wapi. Baba alipopata kiharusi, shangazi zangu walisema ametupiwa uchawi kwa wivu wa ng'ombe wake. Niliwauliza mtupaji alilenga vipi hadi akapiga upande wa kushoto tu. Hawakunisemesha wiki nzima.

Mkono wa Baba ulirudi. Mguu ulirudi nusu. Aliweza kutembea na fimbo, lakini kandambili ya kushoto ilikuwa ikimtoka njiani na yeye anaendelea kwenda, mpaka mtu amwite. Mtu huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Namwendea nayo, nachuchumaa, namvalisha, naye anatazama pembeni kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Alikuwa ameendesha malori ya pamba miaka thelathini. Baada ya kiharusi hakuweza tena kukanyaga klachi. Ndipo akauza pikipiki na ng'ombe kadhaa, akanunua kigari cha mtumba kutoka Japani, kile cha injini chini ya viti na mlango wa kusukuma, gia yake ikiwa kwenye usukani. Gari la oto. Mguu wa kulia unakanyaga mafuta na breki, wa kushoto hauna kazi. Kila Jumamosi alilipeleka kijijini kuwaona ng'ombe waliobaki, mara nyingi Mama akiwa pembeni yake, mara nyingine peke yake. Alirudi na vumbi kwenye nyusi na sauti kubwa. Siku nyingine zote alikuwa mgonjwa. Jumamosi alikuwa dereva. Sote nyumbani tulijua kwamba giaboksi ikifa, Jumamosi zinakufa nayo, kwa sababu hela ya gari jingine la oto haikuwepo na haingekuwepo.

Na giaboksi ilikuwa imeanza kuteleza. Unakanyaga mafuta, injini inalia, gari linafikiria kwanza.

Fundi wa mtaani alituambia tusiiguse. "Oili ya zamani ndiyo inayoshika," alisema. "Ukiweka mpya kwenye gari zee, unalifungulia ugonjwa." Nilimuuliza alijuaje. Akasema anajua. Nikaingia kwenye simu, nikasoma siku mbili usiku, nusu ya watu wakisema badilisha, nusu wakisema usithubutu, na wote wakiwa na uhakika. Mwishoni nilichagua waliokubaliana na mimi. Dada wa duka moja la spea Nyasubi, kule Kahama, akanitumia kwa basi galoni moja ya oili, gasketi na chujio.

Kanuni moja niliipenda kwa sababu ilikuwa ya akili: pima kilichotoka, rudisha kiasi kilekile. Nilifungua nati, nikafungua sampo, ile sahani ya chini, nikakuta sumaku yake imeota manyoya ya chuma, laini kama ya panya. Nikaona bora nikatafute petroli kidogo ya kuisafishia. Nilimwambia Baba, "Nakuja sasa hivi, usiguse beseni."

Niliporudi beseni lilikuwa tupu.

"Oili iko wapi?"

"Nimempa jirani. Mchwa wamemmalizia zizi."

"Baba! Nilikuwa sijapima!"

"Oili chafu unaipima ya nini? Unaipeleka benki?"

Nilipaswa kujua. Hapa kwetu oili chafu haimwagwi. Gari likipandishwa tu kwenye magogo, mtu anatokea na kidumu, kwa sababu kila mtu ana nguzo, kila nguzo ina mchwa, na mchwa hawali nguzo iliyopakwa oili. Kumnyima ni kama kumnyima moto wa kuwashia jiko. Baba angeweza kukataa kunipa mimi maji kabla ya kumkatalia jirani oili chafu.

Nilikimbia na chupa yangu ya kupimia. Mzee wa jirani alikuwa ameshika brashi, amefika mwisho.

"Shikamoo mzee. Ile oili imebaki?"

"Marahaba mwanangu. Imebaki hii," akanionyesha kidumu, kimelowa ndani tu. "Mwambie baba yako asante, wabeja sana."

Nilisimama pale nikizihesabu nguzo. Zilikuwa kumi na moja, zimelowa hadi usawa wa magoti.

"Nguzo moja inakunywa kiasi gani, mzee?"

Alinitazama kuona kama namtania. "Inategemea kiu yake." Kisha akaanza kucheka. "Msomi! Ulienda chuo kuhesabu nguzo za watu? Nenda katengeneze gari la mzee. Na zile taa zake za nyuma uziangalie, Jumamosi zilipita hapa nyekundu mwanzo mwisho, kama macho ya mlevi."

"Waya hizo," nilimwambia. "Nitaziangalia."

Sikuziangalia. Nilikuwa na kichwa kilichojaa nguzo.

Nilifunga sampo na gasketi mpya, nikakata chupa ya soda kuwa faneli, nikamimina lita tatu kwa kukisia. Maelekezo yaliyobandikwa ndani ya mlango yalikuwa ya Kijapani kuanzia juu hadi chini. Kijiti cha kupimia alama zake zilionekana kwa shida. Baba akasema oili inapimwa injini ikiwa imezimwa, kama kwenye lori. Mimi nikasema hii inapimwa injini ikinguruma na ikiwa ya moto. Nilikuwa sahihi, na haikusaidia kitu: kila nilipochomoa kijiti, upande mmoja ulisema imezidi, upande wa pili ulisema imepungua. Nikaongeza nusu lita. Nikafuta, nikachomoa tena. Nikaongeza kidogo. Nilitaka mtu mzima aje, nikakumbuka kwamba nina miaka ishirini na sita.

Baba akapanda kwa kujivuta na mkono. Kandambili ya kushoto ilibaki chini; nikaiweka pembeni. Akavuta gia, gari likashtuka kidogo, likaenda. Lilizunguka uwanja wote, likapita jikoni, Mama akatoka na mwiko. Baba alipiga honi mbili. Sura yake siku ile siwezi kuisimulia vizuri.

"Umeona?" aliniambia. "Fundi wako mjinga."

"Si wangu," nikasema.

Jumamosi nne alikwenda kijijini. Ya tano gari lilirudi likinuka maharage. Nilichomoa kijiti, oili ilikuwa ya kahawa tena. Nikapunguza, nikaongeza, nikasoma, nikauliza. Pedi za breki za mbele nazo zilikuwa zimeisha mara ya pili mwaka ule, tukalaumu pedi feki. Kabla msimu wa pamba haujaisha, gari lilisimama katikati ya barabara ya kijijini, injini ikilia, magurudumu yametulia. Lilirudi likiburutwa na trekta. Baba alikaa nyuma ya usukani njia nzima, akilikatia kona.

Fundi alilinunua kwa ajili ya spea. Hakuniambia "nilikwambia". Ningeona afadhali angesema. Baba naye hakunilaumu hata siku moja, ila Jumamosi alikuwa akiamka mapema, anavaa shati la safari, anakaa kwenye stuli ileile hadi jua linapokuwa kali. Nilichoamini kwa miaka mitatu ni kwamba nililiua gari kwa kukisia, na kwamba kwenye zile nguzo kumi na moja kulikuwa na jibu ambalo mchwa walikuwa wakilikwepa mbele ya macho yangu.

Baba tulimzika mwaka jana. Baada ya wageni kuondoka, tukiwa tunachambua mchele, nilimwambia Mama kuhusu beseni, na kwamba mimi ndiye niliyemnyima Baba barabara. Akaniambia kwamba barabarani mguu wa kushoto wa Baba ulikuwa ukiteleza na kulalia breki, naye hausikii, anazidi kukanyaga mafuta na gari linavutana na breki yake lenyewe. Mama alikuwa akijifanya anaokota mtandio ulioanguka, anainama, anauinua ule mguu taratibu na kuuweka chini, na shimo likija anauinua tena, kwenda na kurudi. Siku ambazo gari lilirudi likinuka, alisema, ni zile ambazo yeye alikuwa amebaki nyumbani.