DNS Yangu Kwenye Simu za Watu wa Kagongwa

Evelina alipiga magoti sebuleni kwangu, kuku mweupe kwapani, akaniomba nimtazamie ndoa yake.

Mimi! Mstaafu wa reli. Ramli sijui hata inaanzia wapi.

Ila Kagongwa nzima ilishaamini Babu Maige anaona. Uongo huo niliupika mwenyewe.

Iko hivi. Nilipostaafu nilijifundisha kompyuta kwa video za bure. Watu wakaanza kuniletea simu niwawekee VPN, ile njia ya kujificha mtandaoni. Nilikuwa naweka kweli. Lakini kwenye sehemu ya DNS nilikuwa najaza namba ya kompyuta yangu ya chumbani.

DNS ni kama mtu wa kuulizwa njia. Simu ikitaka kwenda tovuti yoyote, lazima iulize kwanza, "Kwa fulani ni wapi?"

Basi simu za mtaa mzima zikawa zinaniuliza mimi, na kompyuta ikaandika kila swali chini ya jina la mwenye simu.

Siku moja, baada ya kuona simu yake inauliza tovuti ya kuuza matrekta, nikamwambia Donatus, fundi baiskeli, "Wewe unatamani trekta." Nusura aangushe spana.

"Babu, nani kakwambia? Hata mke wangu hajui!"

Nilicheka mpaka meno ya bandia yakalegea. Habari ikasambaa.

Sasa Evelina ndiye huyo amepiga magoti. Mumewe, Marselino, anachimba dhahabu Geita. Miezi miwili hajakanyaga nyumbani.

"Babu, niambie tu. Ana mtu?"

Ningeweza kusema sijui.

Nikaingia chumbani, nikafungua orodha yenye jina la Marselino, maana naye nilishamwekea VPN. Saa saba mchana, tovuti ya kutafuta wachumba. Kila siku!

Nikatoka nimekunja uso kama mganga wa kweli. "Mama Blessing, mumeo anagonga mlango wa wachumba."

Hakulia. Aliniachia kuku, akaenda kufunga mizigo. Kesho yake alipanda basi la kwao Ushirombo, na mtoto wake Blessing.

Kuku nilimla. Alikuwa mtamu, Mungu anisamehe.

Wiki ya pili Marselino huyo mlangoni. Nikajua leo nachapwa. Nikavuta fimbo karibu.

"Mwangaluka, guku," akaniamkia kwa Kisukuma, kwa heshima ya babu. "Kwanza asante kwa ile VPN. Kambi nzima inakusifu."

"Kambi nzima? Si nilikuwekea wewe peke yako?"

"Aah, babu! Kwenye duara letu la kuchimba tuko saba, tunashuka shimoni kwa kamba moja. Nitawanyimaje? Lile faili la VPN uliloniwekea nimewagawia wote. Mmoja wao, Agapiti, ndo kapagawa kabisa! Tukitoka kula mchana tu, yuko kwenye simu anatafuta mchumba. Tunamcheka!"

Faili moja, jina moja, watu saba.

Halafu akainamisha kichwa.

"Babu, mke wangu kaondoka bila neno. Simu hapokei. Nitazamie. Nimemkosea nini?"

Jamani, bora angenichapa.

Ulimi ulishaanza kutunga: mizimu, jirani mwenye kijicho. Nikamwangalia yale macho mekundu kwa vumbi la mawe. Nikashindwa. Nikasema yote.

Hakunigusa. "Vaa viatu, babu. Utamwambia mwenyewe."

Ushirombo, mbele ya mzee Otmar, baba yake Evelina, nilirudia yote, DNS na kila kitu. Jasho linanitiririka kama mtu wa mashine ya kusaga.

Evelina akaniuliza moja tu.

"Siku ile mimi nilikuwa na wasiwasi. Wewe ulijua kwamba huoni kitu?"

"Nilijua, mwanangu."

"Basi mimi narudi kwa mume wangu. Wewe usinisalimie tena."

Akarudi. Mimi nikapita nyumba kwa nyumba nikifuta namba yangu kwenye simu za watu. Wengine walinitukana, wengine walicheka. Nilistahili yote.

Mwaka wa pili huu. Tukikutana dukani, Blessing huwa ananikimbilia, "Shikamoo babu!" Mama yake anamvuta mkono, wanapita.

Ndugu zangu, ukimwona mtu anaingia mlango fulani, hujaona alichofuata ndani. Mimi nilijua jina la tovuti tu, nikajifanya najua ndoa ya watu.