Dole Gumba la Shahidi wa Bloki ya Nne

Anayehusika na jambo hili ni marehemu Stefania, mkazi wa Bloki ya Nne, nyumba namba kumi na saba, katika kambi tuliyoishi mkoani Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Namtaja mwanzoni ili lawama isimwangukie binti yangu, wala chuo chake. Nitakayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu, mchana, nikiwa nimevaa miwani.

Kambini nilikuwa karani wa daftari la wakazi, na hapa Buffalo nimestaafu kazi ya kutunza majalada katika ofisi ya serikali. Sijawahi kuandika jina la mtu bila kuhakikisha kwamba yupo. Likumbuke hilo, maana ndipo penye tatizo.

Binti yangu Aline anasoma shahada ya uzamili huko Louisville, katika mifumo ya taarifa za kijiografia. Yaani anatengeneza ramani kwa kompyuta kutokana na picha za setilaiti. Kwa tasnifu yake aliamua kuirudisha kambi yetu kwenye ramani. Kambi ilifungwa zamani, na leo kutoka angani unaona pori tu na mistari hafifu ya barabara. Kwa hiyo aliwatafuta waliokuwa wakazi, kila mmoja akaonyesha palipokuwa nyumba yake, kisha akatia sahihi fomu ya kukubali kuhojiwa. Mwongozo wao ulikuwa daftari langu, ambalo nilikuja nalo kwenye ndege nikiwa nimelifunga ndani ya kanga ya marehemu mke wangu.

Bloki zote zilikaa sawa isipokuwa ya Nne. Hiyo, kwa kufuata daftari langu, iliangukia mtoni. Msimamizi wa Aline akampa hadi Jumatatu kupata walau alama moja ya hakika ardhini. Akiikosa, tasnifu ingerudishwa na Aline angerudia mwaka mzima. Ndiyo maana Jumapili ile ya Februari yeye alitoka Louisville na kompyuta, mimi nikatoka Buffalo na daftari, tukakutana Columbus, jimboni Ohio, katika ukumbi wa kanisa karibu na Morse Road, ambako wengi wa Bloki ya Nne husali.

Ilikuwa sherehe, nisifiche. Ibada imekwisha, chai ya maziwa na mandazi vinazunguka, ramani imeangazwa ukutani, na watu wazima wanaitana kwa majina ya utani ya kambini. Bahati, Mkongo wa Uvira anayefanya kazi ghalani, aliitazama nukta yake katikati ya mto, akanigeukia.

"Bon, Karani," akasema, "kama nyumba yangu iko mu maji, donc sisi wote tulikuwa samaki?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wazee wawili wakanieleza kwa upole kwamba wao wanakumbuka kilima. Niliwakatalia. Daftari lilikuwa na muhuri. Kilima chao kilikuwa na muhuri gani?

Hapo akasogea mama mmoja mwembamba, mwenye kitenge cha njano. Nje theluji ilifika magotini, na sote tulikuwa tumeacha buti mlangoni. Yeye alikuwa pekupeku, na miguu yake ilikuwa na tope jekundu, bichi, la aina ambayo Ohio haina. Je, nilishtuka? Hapana. Nililifikiria zulia la kanisa.

"Karani," akaniambia, "wewe ulihesabu namba, hukuhesabu nyumba."

Nikueleze. Kambini kila mlango ulikuwa na kibao cha namba, na mgao wa chakula ulifuata namba hiyo. Mto ulipofurika, Bloki ya Nne nzima ilihamia kilimani, na kila familia ikabeba kibao chake, kwani nani angekiacha chakula chake nyuma? Wiki hizo nilikuwa nimelazwa kwa malaria. Niliporudi kazini, namba zote ziliitika kwenye foleni ya mgao, nami nikatia muhuri bila kwenda kutazama.

Mama yule alimwomba Aline aisogeze picha hadi kilimani, kisha akagusa doa jeupe ambalo sote tulidhani ni mwamba.

"Hiyo ni sakafu ya saruji ya bomba letu la maji, binti yangu. Mimi ni nyumba namba kumi na saba, hatua nane mbele yake. Niweke hapo."

Aline akamuuliza sasa anaishi mji gani. Mama akacheka taratibu.

"Safari mimi sikupata. Lakini nilikuwapo. Niweke."

Aline aliivuta bloki nzima hadi kwenye lile doa, na papo hapo nukta zikajipanga kandokando ya mistari ya barabara kama watoto wa shule. Vigelegele vikapigwa. Bahati akacheza na sinia la mandazi kichwani. Wale wazee wawili hawakunitazama, na nawashukuru kwa heshima hiyo. Mama akabonyeza dole gumba kwenye fomu. Nilipogeuka kumkaribisha chai, hakuwapo. Nikauliza nani alimleta. Kila mtu alikuwa amemwona, na kila mtu alidhani kaja na mwingine.

Nikafungua daftari palepale mezani. Stefania, namba kumi na saba: amefariki, amezikwa kambini. Mstari mwekundu na sahihi yangu. Pembeni palikuwa na dole gumba la siku alipoandikishwa, lenye kovu la kukatwa katikati. La kwenye fomu lilikuwa na kovu lilelile, ila halikuwa la wino. Lilikuwa la tope.

Niamini, nililinganisha alama hizo mbili mara mbili. Kisha nikacheka hadi Aline akaniletea maji.

Aline alifaulu. Sakafu ya bomba inaonekana kutoka angani, haihitaji shahidi. Hata hivyo amekataa kumwondoa Stefania kwenye ramani, nami nimekiandikia chuo kukiarifu kwamba mhojiwa mmoja alifariki kabla ya kuhojiwa. Sijajibiwa. Zulia la Columbus limefuliwa mara tatu, na nyayo bado zipo. Katika daftari nimeihamishia Bloki ya Nne kilimani, na kando ya ule mstari mwekundu nimeandika: alikuwapo.

Nawe unayetunza daftari la watu, nenda ukazione nyumba zenyewe kabla ya kutia muhuri. Usipokwenda, mwenye nyumba atakufuata popote ulipohamia, na wala hatagonga mlango.

Kwa hiyo namtaka rasmi marehemu Stefania ajieleze: kwa nini aliliacha daftari langu na kosa miaka yote hiyo, kwa nini alitia dole gumba kwenye fomu ya walio hai, na kwa nini aliondoka kabla ya chai. Aje Jumapili yoyote, baada ya ibada. Kiti chake kitakuwa wazi, nami nitakuwapo, kalamu mkononi.