Bunduki Tatu na Mkono wa Kushoto

Ya kwanza ilikuwa ya Kiitaliano, na niliipenda kabla sijaishika. Kitako chake kilikuwa cha mti wa jozi wenye mistari myeusi, na ubavuni walichongwa kware wawili wakiruka. Mitutu miwili, mmoja juu ya mwenzake. Ukiifunga inalia kama mlango wa gari jipya. Mwenyewe, mnunuzi wa dhahabu, alinikabidhi huku akifuta alama za vidole vyangu.

Nilikuwa natafuta ya kwangu. Nauza spea za pampu na za makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu mjini Geita, na Jumamosi asubuhi ndio muda pekee ambao hakuna mtu wa kuniuliza bei ya beringi. Tunakutana watu wachache kwenye uwanja nje ya mji, mashine inarusha visahani vya udongo angani, nasi tunavivunja kwa marisau, zile risasi za chembechembe. Yaani wenzangu wanavivunja. Mimi kwa miezi mitatu nilikuwa navisindikiza kwa macho mpaka vitue majanini, vizima kabisa, mtu angeweza kuvipakulia mboga.

Siku ya kujiunga niliulizwa kama nimewahi kuumia popote. Nikaandika kwamba mkono wa kushoto ulipata kidonda kibaya utotoni, ukafungwa kitambaa kwa muda mrefu. Kitambaa chenyewe nakikumbuka, cha bluu. Kovu sina, lakini mama alisema kidonda kilikuwepo, na mama yangu habishiwi.

Basi nikaamua kosa ni la bunduki ya kuazima ya pale uwanjani. Nikajiwekea sharti: nitajaribu tatu nzuri za wenzangu, visahani kumi kila moja, nichague. Zikinikataa hata hizo, naacha, narudi kuuza beringi hata Jumamosi. Wazo hilo liliniuma kuliko nilivyotaka kukubali. Wiki hiyo mama alikuwa kwangu, ametoka Songwa kuja kutibiwa goti, nikamchukua aje anione. Nilimwekea kiti kivulini na chupa ya chai.

Yule Mtaliano wa kware wawili alinipa visahani vitatu. Nikasema amezoea mikono laini.

Ya pili ilikuwa ya mtutu mmoja, inayojipakia yenyewe. Nyepesi, haipigi bega, na kila ukifyatua inatema ganda upande wa kulia kwa madaha. Niliisifu sana. Visahani viwili.

Ya tatu ilikuwa ya Kijerumani, ya dada mmoja mpima ardhi wa mgodini. Nzito, haina kware wala ua, na kitako chake kina visehemu vya kurekebishwa kwa kifunguo kidogo: juu, chini, kulia, kushoto. Nilimuuliza kama ni bunduki au kiti cha kinyozi. Akacheka, akanipa. Nilipata kisahani kimoja, na nadhani hata hicho kilipasukia njiani chenyewe.

"Risasi zako zote zinapita kushoto, kaka," dada alisema kwa upole.

Nilivua kofia nikaitupa chini, ikabiringika hadi miguuni kwa mama. Sijivunii. Nina hasira za karibu, na siku hiyo zilikuwa karibu zaidi.

Mama aliiokota, akaikung'uta, akaniita. "Ng'wanawane, mwanangu, kofia hii umeirusha kwa mkono gani?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza mkono gani."

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa wa kushoto.

"Sasa mbona bunduki unaipigia mkono usio wako?"

Nikamkumbusha kidonda. Akaipanga kofia mapajani.

"Kidonda hakikuwepo," alisema. "Ulikuwa unakula kwa kushoto, unapokea kwa kushoto, unasalimia wakubwa kwa kushoto. Watu wakanicheka, wakasema mtoto wangu hana adabu. Nikachana kanga, nikaufunga mkono mpaka usahau. Ulilia sana. Nikakwambia kuna kidonda, ili ukubali."

Nina miaka hamsini na tano, na ndiyo kwanza naambiwa. Niliona hasira, kisha nikamwona yeye, msichana mwenye mtoto mmoja, amezungukwa na watu wanaomcheka, hasira ikakosa pa kukaa. Lakini niliumia. Nisiseme uongo.

Dada mpima, ambaye alikuwa amesikia yote, aliniambia ninyooshe kidole kwenye nguzo ya mbali kwa macho yote mawili, kisha nifumbe jicho la kulia. Kidole hakikusogea. Nikafumba la kushoto: kikaruka pembeni. Miezi mitatu bunduki ilikuwa kulia na jicho linaloongoza lilikuwa kushoto.

Hapo mashindano ya bunduki yakaanza upya. Mtaliano, nilipomweka bega la kushoto, alinigonga shavu, maana kitako chake kimepindishwa kwa ajili ya mtu wa kulia. Ile ya kujipakia ilipitisha ganda la moto mbele ya pua yangu. Dada akatoa kifunguo mfukoni, akazungusha mara kadhaa, akanirudishia kiti chake cha kinyozi. Kikakaa shavuni kana kwamba kilikuwa kinanisubiri.

"Rusha!" nikasema.

Kisahani kilitoka, na sikumbuki kufyatua. Nakumbuka vumbi jeusi hewani, na mama akipiga kigelegele hadi mnunuzi wa dhahabu akamwaga chai. Nilivunja saba kati ya kumi. Wakati wa kuondoka mama aliushika mkono wangu wa kushoto, akaupapasa kwenye kifundo, palepale kilipokuwa kitambaa.

"Unisamehe," alisema. Sikujua kama anauambia mkono au ananiambia mimi. Nikamjibu kwamba yamekwisha.

Sasa nina ya kwangu, ya Kijerumani, nzito, haina hata kware mmoja, kitako kimegeuzwa kushoto. Kila Jumamosi mchana mama ananipigia simu kutoka Songwa. Haulizi nimevunja vingapi.

"Mkono haujambo?" anauliza.

"Haujambo, mayu," namwambia. "Umekusalimia."