Kesi ya mke aliyeua bwana yake, Ibanda

Mateso yangu yalianza mwaka wa 1938, nikiwa na miaka minane. Mti ulimwangukia baba kwenye kazi ya barabara, nami nikaacha shule kabla sijamaliza herufi zote. Nilibeba chumvi ya watu kichwani, nikauza chumvi yangu, nikanunua baiskeli, kisha lori. Hakuna aliyenisukuma. Nasema hivyo mujue ni mtu gani aliyefunga safari kutoka Bunyakiri mpaka Bukavu kwa ajili ya mchezo wa jukwaani, kitu ambacho sikuwahi kukitazama.

Sababu ni Nabintu, binti yangu wa kwanza, aliyekuwa akisoma Ibanda, mtaa wa Bukavu. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Miti, kijiji kilicho njiani. Mbuzi wa mahari walikwisha kuja, ng'ombe bado. Ndipo dereva mmoja akaniletea habari: «Papa Nabintu, binti yako Jumamosi anaua bwana yake kwa panga, mbele ya watu wote.» Akasema ni mchezo tu, hadithi ya Wayunani wa kale. Sawa, lakini wakwe zangu hawakuwajua Wayunani. Wakimwona binti ameshika panga lenye damu, uchumba umekufa. Nikaamua kwenda kumtoa.

Asubuhi ya Jumamosi niliondoka, mimi mwenyewe kwenye usukani. Barabara ya msituni ilikuwa matope matupu. Tulikata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu, huku wasafiri waliokaa juu ya magunia wakinitukana kwa heshima.

Miti nilitaka kupita mbio nisionekane. Bure. Kando ya barabara alisimama Papa Mushagalusa, baba wa yule kijana, ndani ya koti la abakosti lililopigwa pasi, mkono juu.

«Mukwe! Mungu iko mukubwa. Nilikuwa natafuta lori ya Bukavu.» Akapanda, akaketi kando yangu.

«Kuna shida huko?»

«Hakuna. Naenda kutazama binti yetu. Anacheza nini?»

«Anacheza mke.»

«Mke muzuri?»

«Mke wa chefu, mtawala wa mji,» nikasema, nikakanyaga mafuta.

Njia yote aliniuliza habari za mihogo, nami nikamjibu habari za mvua.

Adhuhuri tuliingia Ibanda. Nilimwacha mkwe akinywa chai, nikaenda nyuma ya ukumbi wa shule. Nabintu alikuwa pale na mwalimu wake, Citoyen Bahizire, kama tulivyoitana siku zile badala ya Bwana, mtu mwembamba wa miwani aliyeongoza mchezo.

«Papa,» mwalimu akaniambia, «hadithi hii ni ya zamani sana, kabla ya Yesu.»

«Ndiyo maana. Hawakubatizwa.»

Akanieleza kwa upole. Chefu mmoja alimchinja binti yake kuwa sadaka, ili apate ushindi vitani. Aliporudi, mke wake akamuua. Baadaye mtoto wao wa kiume atamuua mama. Kisha mizimu ya kike itamfukuza yule mtoto, mpaka baraza liamue.

«Na baraza linakaa lini?»

«Mwisho kabisa, Papa.»

«Watu wote wamekwisha kufa! Baraza gani hilo?»

Nabintu akanishika mkono. «Papa, yule mama walimuchinjia mutoto. Wewe ungefanya nini?»

«Ningedai ng'ombe wa fidia.»

«Basi acha niwaonyeshe ile nini inafika kama hakuna mutu anadai.»

Nikautia ufunguo wa lori mfukoni. Amenizaa huyu, nilifikiri, si mimi niliyemzaa.

Saa tisa ukumbi ulijaa mapadri, makarani, wanafunzi, na akina mama wa soko waliokuja na vigoda vyao. Mkwe alikaa mstari wa mbele, nami ubavuni mwake nikitoka jasho. Juu ya jukwaa wanafunzi waliovaa ndevu za pamba walicheza wazee wa mji. Kazi yao ilikuwa kuimba na kusikitika. Nabintu alisema maneno yake vizuri mpaka akina mama wakamjibu kwa sauti. Kisha akaingia ndani, mtu akapiga yowe, akatoka na panga jekundu. Nilifumba macho.

Nilipoyafumbua, mkwe alikuwa amesimama.

«Simamisheni!» Kidole chake hakikuelekea kwa Nabintu. Kilielekea kwa wale wazee wa pamba. «Ninyi bazee, mulikuwa wapi? Mutoto wa huyu mama amechinjwa, miaka inapita, hakuna aliyemuletea ng'ombe, hakuna aliyeita wajomba. Munaimba tu!»

«Kweli kabisa!» mama mmoja akaitikia. «Bazee ya bure!»

«Papa, ni mchezo,» akalia Citoyen Bahizire.

«Mchezo tunaona. Tunatengeneza.» Mkwe akapanda jukwaani, akageuka. «Mukwe, panda. Wewe iko baba yake, semea upande wake.»

Hivyo mimi, ambaye nilikuja kumtoa binti yangu, nikajikuta namtetea muuaji mbele ya mapadri. Nilisema kwamba mwanamume anayechinja binti bila kuwauliza wajomba wa mtoto amejitafutia. Watu wakapiga makofi. Yule kijana aliyecheza chefu akafufuka, akajitetea kwamba vita vilikuwa vya lazima. Akazomewa. Mwisho mkwe akakata shauri: pande zote mbili zinatoa ng'ombe, mtoto wao wa kiume hamuui mama. Kwetu kesi ya damu haiishi mpaka watu wanywe pamoja, kwa hiyo mama aliyeuza kasigisi mlangoni, ile pombe ya ndizi, akapitisha kibuyu. Alikunywa chefu, akanywa Nabintu, nikanywa mimi, akamalizia mkwe.

Wasichana watatu waliojipaka masizi kuwa mizimu walichungulia kutoka nyuma, wamekasirika. Zamu yao haikufika. Citoyen Bahizire alishika kichwa.

Jumapili tulirudi. Tulipokaribia Miti, mkwe akanigeukia.

«Mukwe, nilijua tangu juma lililopita kwamba anaua bwana. Nilipanda lori yako nikiwa na neno la kuvunja uchumba.»

«Na sasa?»

«Sasa nimehukumu kesi yake, nimekunywa naye kibuyu kimoja mbele ya watu. Nitarudia vipi kumudai ile damu? Nimejifunga mwenyewe.» Akashuka, akafunga mlango wa lori. «Ng'ombe atakuja. Na nitaambia mutoto wangu awe anarudi nyumbani mapema.»

Niliyojifunza ni haya: Wayunani wale walikuwa na wafalme na majeshi, lakini hawakuwa na mtu hata mmoja wa kupiga kelele mapema, kabla panga halijatoka.

Leo nina malori mawili, nyumba ya matofali na bati Bunyakiri, duka la chumvi na mafuta ya mawese, shamba la ndizi, mbuzi kumi na mmoja, ng'ombe mwekundu kutoka Miti pamoja na ndama wake, na wajukuu wawili.