Siku Niliyomtoa Dada Laivu Kabla Hajaitwa

Naona aibu hata kuandika, na sijui kama nitaeleza vizuri, maana shule niliishia kidato cha pili, lakini wenzangu hapa Kabuga wote wameshacheka, kwa hiyo bora na mimi niseme yangu.

Ilikuwa siku ya dada yangu Diane kuombwa. Mnajua desturi yetu: bibi harusi anafichwa ndani, na huko nje, hema yetu ikitazamana na ya wakwe, msemaji wetu anamkana kwanza, anatunga visingizio vyote vya duniani, wakwe wanabembeleza, mwisho anaitwa, anatoka, watu wanapigwa butwaa. Msemaji wetu alikuwa baba mkubwa, na yeye (simsingizii, alilisema wazi) yule kijana wa dada, fundi magari wa Gatsata, alimkubali shingo upande. Sote tulijua kosa dogo tu linaweza kumfanya avunje shughuli.

Mimi kazi yangu ilikuwa moja, kukaa na dada chumbani. Mama alisema simu niiache. Niliiacha kweli, juu ya kitanda, lakini mkono ukawa unawasha, nikamtazama dada alivyopendeza na umushanana wake, lile vazi letu la sherehe linalofungwa begani, nikasema moyoni, niingie laivu dakika moja tu, marafiki waone zile nywele. Dada hakuniona, alikuwa ameinamia sahani anakula brosheti, yaani mishikaki, taratibu asiharibu rangi ya midomo, maana njaa ilishamzidi.

Watu wakaanza kuingia. Jamani, sijawahi kupata watu wengi hivyo, mioyo inapanda kwenye kioo kama mapovu ya soda, na ile dakika moja nikaisahau kabisa. Nikanong'ona, "Nyinyi wote mko wapi?" Mmoja akaandika, "Hapa nje, hemani." Nikafurahi, nikamrushia busu. (Akili yangu ilikuwa wapi, msiniulize.)

Huko nje nasikia baba mkubwa kwenye kipaza sauti: "Binti mnayemtaka mmemchelewea. Ameingia utawa. Hata nyama haonji siku hizi, anasali tu."

Hema ya wakwe ikaangua kicheko. Mzee wao akasimama, namwona kupitia pazia, ameinua simu juu. "Mzee mwenzangu, neno lako tunaliheshimu. Ila huyu sista, mbona anamaliza brosheti?"

Baba mkubwa akaweka kipaza sauti mezani, akaketi. Dada akageuka, akaiona simu. Hakunipiga. Alisema tu, "Aline, umeniharibia," machozi yakaanza kushusha wanja, na mimi, Mungu anisamehe, bado nilikuwa laivu.

Nikaitwa nje. Nikatoka na kandambili zangu, hema mbili zinanikodolea macho. Baba mkubwa akanitazama weee, kisha akasimama, akachukua kipaza sauti, akanishika bega.

"Diane utawani alikuwemo, huyu ndiye aliyemtoa. Basi tumeamua, Diane abaki, mchukueni huyu."

Mzee wa wakwe akanizunguka kama anayenunua mbuzi. "Tunashukuru. Lakini kijana wetu ni fundi tu, bando la huyu hataliweza."

Bwana harusi mwenyewe akainuka, akainama kwa heshima. "Baba, bando nitamnunulia kama shemeji. Ila naomba Diane."

Baba mkubwa alicheka mpaka akaishikilia meza. "Mwiteni Diane," akasema. Na kusema haki, tangu pale anamwita yule kijana mwanangu. Dada alitoka wanja umefutwa, mzuri vilevile, ingawa butwaa haikuwepo, walikuwa wameshamwona.

Laivu yangu niliifuta. Lakini kuna mtu alirekodi ninavyokataliwa, na hiyo ndiyo video iliyozunguka Kabuga nzima, hata wauza nyanya sokoni wananiita Bando. Simu sasa inalala chumbani kwa mama, kwa ombi langu mwenyewe. Na nimeapa, akiombwa msichana mwingine kwetu, nitakaa hemani kama watu, mikono mapajani, na ikianza kuwasha nitaikalia.