Uso Uliobambuka Mbele ya Wakwe

Ninyi chekeni tu, lakini mimi aibu ile ilinipata mchana kweupe, mbele ya wakwe, nimepiga magoti na jagi la maji mkononi, na mpaka leo wifi yangu Skola akiniona nimejitanda kitenge kichwani kwa ajili ya baridi tu (si mnajua Songea mwezi wa saba inavyouma) ananiuliza, "Mwalimu, leo unaficha nini?" Mimi nacheka naye, nitafanyaje.

Mimi kwetu Singida, Songea nililetwa na ualimu, nikapangiwa shule, nikapata nyumba ndogo mtaa wa Mfaranyaki, nikazoea. Umri ulikuwa umeshakwenda, miaka thelathini na sita, na bado nina chunusi. Wale walioniambia chunusi ni mambo ya usichana, zitaisha zenyewe, walinidanganya, maana mikunjo ilipokuja ilizikuta chunusi bado zipo, zikakaa pamoja kwa amani, chunusi kidevuni na mashavuni, mikunjo pembeni mwa macho, yaani uso mmoja una msichana na bibi yake. Watoto darasani walikuwa wakinitazama kidevu badala ya ubao.

Basi akatokea Gaudensi, fundi wa maji, mtu wa Mpitimbi, mpole, mkewe alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma. Alipasuliwa hospitali na hakuamka tena. Nilimpenda Gaudensi, nasema waziwazi, nilimpenda mpaka nikawa nakosea kujumlisha maksi. Tukakubaliana, ila akaniambia kwao mtu haoi mpaka wazee wamuone mwanamke kwa macho yao, na mama yake akisema hapana, basi ni hapana, hana ubavu wa kumpinga baada ya yote waliyopitia. Wazee wakaleta habari kwamba wanakuja Jumapili ya baada ya wiki mbili.

Sasa nikajitazama kwenye kioo. Nikasema, mama mtu ataoneshwa hiki?

Jirani yangu alikuwa Zaituni, nesi, Myao wa Tunduru, mwanamke wa maneno makali na moyo mweupe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vimeanza kuingia, madukani kumejaa sabuni za kila rangi na losheni zenye picha za wanawake wasio na tundu hata moja usoni. Zaituni alikuwa ametoka kwenye mafunzo Dar es Salaam, huko daktari wa ngozi akawaonesha dawa ya tyubu, ndogo kama kidole changu cha mwisho, inatibu chunusi na kulainisha mikunjo kwa pamoja. Alininunulia moja. Nilipoishika nilistaajabu, kitu kidogo vile, na karatasi ya maelezo imekunjwakunjwa ndani ukiitandaza inafunika meza.

"Sikiliza vizuri, shoga," akasema. "Hii si losheni, ni dawa. Usiku tu, uso ukiwa mkavu, kiasi cha punje ya njegere. Kwa uso mzima, usije ukaweka punje kila shavu! Leo unapaka, kesho unapumzika. Juani ujifunike. Mwanzoni utabambuka kidogo, na chunusi zitaongezeka kabla ya kupungua, usiogope. Uzuri wake utauona baada ya miezi. Na mimba huna? Mwenye mimba hapaki."

"Mimba nitoe wapi, na wakwe hawajafika!"

Tukacheka. Lakini neno lililobaki kichwani mwangu ni moja tu, miezi. Mimi nina wiki mbili.

Na hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Sisi tuliopitia foleni za sabuni, ambao kuna wakati tulijipaka usoni mafuta yaleyale ya kukaangia mboga, tulikuwa na ugonjwa wetu: kitu kizuri kikikufikia mkononi unakitumia kama vile kesho kitapotea dukani. Halafu kwetu mafuta hayajapakwa mpaka uso ung'ae, mtu akikuona toka mbali ajue umeoga. Punje ya njegere! Punje ya njegere si ingenitosha pua? Nikasema moyoni, kama kidogo kinafanya kazi kwa miezi, basi kingi kitafanya kwa wiki (na mimi ni mwalimu wa hesabu, mnione tu). Nikakamua, nikapaka mpaka uso ukang'aa, nikapaka na shingo, na asubuhi nikaongeza nyingine kabla ya kwenda shule.

Siku za mwanzo hakuna kitu. Nikamwona Zaituni mwoga. Tena ilikuwa wakati wa kuvuna mahindi ya shamba la shule, nikashinda juani na watoto, kichwa wazi, upepo unanipiga, najisikia mrembo.

Jumatano ya wiki ya pili niliamka uso unavuta. Nikigeuza mdomo, ngozi inasema hapana. Nikaenda kwenye kioo nikakuta kidevu kimetoa vumbi jeupe, nikalipangusa, likarudi. Alhamisi lilikuwa si vumbi tena, ni magamba. Ijumaa, jamani, sijui niseme nini, uso ulikuwa umevimba, unawaka, na ngozi inabambuka vipande vipande kama ganda la kitunguu, na chunusi zilizokuwa zimejificha miaka yote zimetoka nje kuangalia kuna nini. Niliogopa, lakini pia nilishangaa, siwafichi. Nilisimama pale kioo kimeegemea dirishani, nikagusa kipande karibu na sikio, kikanyanyuka chenyewe bila damu wala maumivu, na chini yake kuna ngozi nyingine. Ina maana siku zote hizo ilikuwa pale, inasubiri? Nikajisahau nikitazama mpaka uji ukamwagika jikoni.

Zaituni alipofika na kuniona alijishika kichwa. "Subhanallah! Umepaka kiasi gani?"

Nikamwonesha tyubu. Ilikuwa imebaki chini ya nusu.

"Wewe mwanamke, ulitaka kujipaka au kujibambua?" Akanikataza kupaka tena, akaniletea mafuta mazito ya mgando, akaniambia hakuna dawa ya kurudisha ngozi kwa siku mbili, ni kusubiri tu. Na Jumapili haisubiri mtu. Gaudensi nilikuwa nimemkwepa wiki nzima, nikimtumia watoto wa shule wamwambie nasahihisha mitihani.

Jumapili wakaja. Baba mkubwa wa Gaudensi, mzee mrefu mwenye koti zito, mama yake, mwembamba na macho makali, na Skola dada yake. Mimi nilikuwa nimejitanda kitenge kutoka kichwani, nikakivuta mbele, nikakishika kwa meno pembeni, yakabaki macho tu. Nikaingia sebuleni kwa magoti, "Shikamoo baba, shikamoo mama," nikainamisha kichwa. Basi wale wazee wakatazamana. Wakaanza kusemezana Kingoni, mimi nasikia sauti tu, mpaka Skola akaniinamia sikioni, "Wanakusifu. Baba mkubwa anasema hajaona msichana wa kumficha mkwe uso tangu ujana wake. Anasema walimu wa siku hizi wanamtazama mkwe kama wanamdai, lakini wewe umelelewa."

Hebu fikirini! Ningekuwa na akili ningetoka pale nikakaa jikoni mpaka waondoke. Lakini sifa ni tamu. Nikazidisha. Nikainama zaidi, nikaongea kwa sauti ndogo isiyo yangu, hata Gaudensi akawa ananitazama kama mtu aliyepotea nyumba. Zaituni, aliyekuwa jikoni akinisaidia kusonga ugali, alikuwa akinichungulia mlangoni na kutikisa kichwa.

Chakula kikawa tayari. Mwali ndiye anayenawisha wageni, hilo halina mjadala. Nikapiga magoti mbele ya baba mkubwa, beseni chini, jagi mkono wa kulia. Huku nyuma bakuli la ugali linafuka mvuke, jasho limeanza kunitoka ndani ya kitenge, na jasho likigusa ngozi ile ni kama imepakwa pilipili. Macho yakajaa machozi. Pua ikaanza kuwasha. Nikasema vumilia Eliza, vumilia, mimina maji. Nikainama kumimina, na ili niseme "Karibuni kunawa, baba" ikabidi nifungue meno.

Kitenge kikateleza chote. Upande mmoja ukazama ndani ya beseni. Na kutoka kidevuni kwangu, polepole, kikaanguka kipande cha ngozi, kikatua katikati ya kiganja cha baba mkubwa.

Mzee akakitazama. Akanitazama mimi. Hata kuku nje waliacha kulia, au mimi ndiye niliyeacha kusikia.

Mama yake Gaudensi ndiye aliyeongea, na safari hii aliongea Kiswahili ili nisikie mwenyewe. "Umejichubua."

"Hapana, mama."

"Nimeuliza? Nimesema, umejichubua. Mkorogo. Mnajichubua muwe weupe." Sauti ikaanza kumtetemeka. "Mwanamke wa mkorogo akipasuliwa, uzi wa kushonea kidonda haushiki. Watu wote wanajua. Mwanangu ameshazika mmoja aliyelala kitanda cha kupasuliwa. Unataka azike wa pili?"

Hapo nilielewa kwamba hasira ile haikuwa ya uso wangu. Gaudensi aliinamisha kichwa, mikono kwenye magoti, na sijawahi kumwona mtu mzima amekuwa mdogo vile. Aibu yangu ikayeyuka yote, ikabaki hofu kwamba nampoteza hapohapo nikiwa nimepiga magoti.

Nikalia. Nikasema kila kitu, hovyohovyo, kamasi na machozi. "Mama, mimi nina chunusi! Nina miaka thelathini na sita na nina chunusi, na mikunjo ninayo, nikaona mtakuja mniangalie mseme mwanetu ameokota nini. Nikapaka dawa, niliambiwa punje ya njegere, mimi nikapaka kama napiga lipu ukuta. Sitaki weupe. Nilitaka tu mnipende."

Zaituni akatoka jikoni na mwiko mkononi umejaa ugali, mkono mwingine tyubu. "Wallahi mama, ni dawa ya hospitali, ya chunusi, mimi ndiye nimemletea. Kosa lake ni papara tu."

Mama aliinuka, akanishika mkono, akaniinua, akanitoa mpaka nje uani kwenye jua. Kwanza alinigeuza mikono akaangalia vifundo vya vidole (wanaojichubua vifundo hugoma, hubaki vyeusi wakati mkono mzima umekuwa mweupe). Vidole vyangu vilikuwa vya rangi moja. Halafu akanishika kidevu. Kwa kucha ya kidole gumba akanyanyua kipande kilichokuwa kimeshajiachia shavuni, taratibu, kama anamtoa mtoto tongotongo. Akasogea. Pumzi yake ilikuwa usoni kwangu.

"Ni mweusi vilevile," akasema.

Akanyanyua kingine. "Huku chini kuna mtu mwingine. Na ni mweusi vilevile. Tena hana alama." Akamwita baba mkubwa, akamwita Skola, wote wakatoka, wakasimama uani wakinitazama shavu, na mimi nimesimama kama ukuta wa kubandikia matangazo. Baba mkubwa akavua kofia. Siwadanganyi, mzee alivua kofia, akasema, "Mungu ana mambo. Mtu anazaliwa mara ya pili na hajafa."

Ninavyowasimulia nacheka, lakini pale uani nilipatwa na kitu ambacho mpaka leo sina jina lake. Uso nilioutukana miaka yote kwenye kioo, watu wazima watatu walikuwa wakiutazama kwa heshima kama watu walioingia kanisani.

Tukarudi ndani, tukala. Baba mkubwa alinawa upya, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida, na sikumlaumu. Walipokuwa wanaaga, mama alinivuta nyuma ya mlango. Nikajua sasa ndiyo jibu lenyewe.

"Mwanangu," akasema, na hakuwa ameniita hivyo kabla. "Ile dawa. Imebaki?"

Nikampa tyubu. Nikamwambia mara mbili, mama, usiku tu, punje ya njegere, uso mzima, juani ujifunike. Akaitikia, ndiyo, ndiyo, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, Zaituni akiwa ameninunulia tyubu nyingine na kunisimamia kila jioni kama mtoto wa darasa la kwanza. Uso wangu ulikuwa umetulia, chunusi zimebaki mbili tatu za ukaidi, ngozi laini mpaka mimi mwenyewe nilikuwa najigusa shavu kanisani padri akihubiri. Nimeapa, kitu chochote kinachokuja na karatasi ya maelezo nitakifuata kama kilivyoandikwa, hata kama wakwe wako mlangoni.

Lakini wakati wa kupeana mikono, nilimwona mama mkwe amekaa mbele kabisa, kitenge kipya amekivuta kutoka kichwani mpaka puani, yamebaki macho tu. Watu wa Mpitimbi walikuwa wanamsifu, oneni mama huyu anavyoheshimu siku ya mwanawe. Nikapiga magoti mbele yake. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akakifungua kidogo upande wangu tu, na vumbi jeupe likadondoka juu ya gauni langu la harusi.

"Ile tyubu niliitunza, nikasema nitaipaka harusi ikikaribia," akanong'ona. "Sasa punje ya njegere, mwanangu, kweli ingenitosha mimi na mikunjo yote hii? Hebu angalia vizuri. Yule mwingine ameanza kuonekana?"

Nikasogea, nikaangalia. Alikuwa ameanza kuonekana.