Kaka alisema mjohoro wa nyumbani ni mzima, nikamtandikia kitanda chini yake

Mwangaluka wakuu.

Mimi ni ke, kitinda mimba, naishi Bariadi mjini na mama yangu mzazi. Tunamwita Mayu, kama Wasukuma wengine wote wanavyomwita mama. Haya ninayoandika nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho. Wanaotafuta chai waende majukwaa mengine, hapa hakuna.

Bado nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Iko hivi.

Nyumbani kulikuwa na mjohoro. Marehemu baba aliupanda alipomaliza kujenga, ukakua mpaka ukaipita nyumba. Shida ni kwamba ulikuwa nyuma kabisa ya chumba cha Mayu, na tawi lake kubwa kuliko yote lilikuwa limelala juu ya bati lake. Ukitoa mkono dirishani unagusa gome.

Mwaka juzi mvua zilipoanza, miti yote ya mtaani ilichipua. Wetu ukachipua upande mmoja. Upande wa nyumba yalibaki matawi makavu tu.

Baadaye shina likaanza kuota uyoga pale linapoingia ardhini, uyoga mgumu wa kahawia, siyo huu wa kula. Na kwenye panda kulikuwa na tundu, ukiingiza mkono unatoka na unga wa mti uliooza.

Mimi siyo mtaalamu. Nauza vitenge sokoni. Lakini hata muuza vitenge anajua kitambaa kilichooza anapokishika.

Nikampigia kaka yetu mkubwa, anafanya kazi ofisini huko Mwanza. Humu nitamwita Bosi, maana ndivyo anavyojiona. Kwetu baba akifariki, mtoto wa kiume wa kwanza anashika nafasi yake. Neno lake linapita hata kama hajui anachokisema, na kwenye kutojua anachokisema Bosi ana kipaji.

Nikamwomba tumtafute mtu wa misitu aje auangalie ule mti. Wakuu, Bosi alicheka mpaka akakohoa.

"Mti nao unaitiwa daktari? Mtauombea na kitanda wodini?"

Akasema nisihangaike, Pasaka anakuja, atautibu mwenyewe.

Hapa naomba niwaseme watu wa kwetu kidogo. Mkoa huu tunalima pamba, kwa hiyo kila nyumba ina kichupa cha dawa kilichobaki msimu uliopita, na kila nyumba inaamini kichupa hicho kinatibu kila kitu. Kunguni kitandani, dawa ya pamba. Viroboto wa mbwa, dawa ya pamba. Siafu wakipita mlangoni, mtu anakimbilia bomba la kupulizia kabla hajavaa viatu. Siku mmoja wetu akiumwa kichwa atapuliziwa na yeye, mnanisikia?

Na Bosi alikaa kwa babu kijijini Zagayu enzi za utoto wake, akapulizia pamba likizo moja au mbili. Basi. Mtu hajawahi kupanda hata mchicha tangu ahamie Mwanza, lakini kwa likizo hizo anajiita mkulima.

Pasaka akaja kweli. Akaazima bomba kwa jirani, akalibeba mgongoni na shati lake la ofisini, usoni kajifunga kitambaa cha kichwa cha mke wake. Akapulizia mjohoro kuanzia chini mpaka pale dawa ilipofika, yaani juu ya kichwa chake kidogo. Mti mrefu kuliko nyumba, unapuliziwa magotini!

Dawa ikachuruzika yote mpaka chini, pale kuku wa Mayu wanapopekua kila siku.

Asubuhi yake banda lilikuwa kimya. Kuku wote wamelala chali, na jogoo wao. Mayu aliwaokota mmoja mmoja akawafukia. Wale kuku ndio waliokuwa wanamnunulia sabuni na chumvi asituombe sisi.

Mnajua Bosi alisema nini? Alisema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku.

Yaani kideri kilikaa pembeni kikisubiri Bosi amalize kupulizia, ndipo kikaingia bandani.

Hakuishia hapo. Akaleta fundi wa ujenzi, wakajaza lile tundu zege mpaka pomoni, halafu shina likapakwa chokaa nyeupe likapendeza. Akapiga picha, akatupia kwenye group la familia na maneno "tatizo limekwisha". Mashangazi wakamwaga hongera na maua. Mtoto wa kiume huyo! Mti umeoza ndani, nje umepakwa chokaa, na ukoo mzima unashangilia.

Alipogeuza gari tu kurudi Mwanza, nikafunga kibanda changu nikaenda kumtafuta bwana miti.

Alikuja na vitu viwili tu, shoka na kipande cha nondo. Akagonga shina kwa kisogo cha shoka. Juu liliitika vizuri, chini likalia kama debe tupu. Akachomeka nondo kwenye mzizi wa upande wa nyumba, ikazama bila kutumia nguvu. Akanizungusha upande wa pili akanionyesha ardhi imepasuka na kuinuka kidogo. Akasema mizizi ya upande ule inang'oka pole pole, mti unaelekea nyumbani.

Halafu akaangalia lile dirisha.

"Chumba hiki analala nani?"

Mayu akajibu mwenyewe, "Mimi."

"Mama, hamisha kitanda leo. Usisubiri kesho."

Akatuambia tungemwita ule msimu mti ulipochipua upande mmoja, pengine angepunguza matawi mazito, akaondoa palipooza, ukapona. Sasa umechelewa, na lile zege limefungia maji ndani na kuongeza uzito. Akasema ushushwe vipande vipande kwa kamba kuanzia juu, na watu wanaojua kazi. Akaonya tusije tukamwita kijana wa mtaani na panga akaukata shinani, maana ungelala juu ya nyumba.

Nikamwelezea Bosi yote. Alinijibu kwa voice note ndefu kuliko mahubiri ya Ijumaa Kuu. Kwamba huyo bwana anatafuta magogo ya kuchomea mkaa. Kwamba mti ule baba aliupanda kwa mkono wake, atakayeugusa ameigusa familia. Na mwisho akasema ule mti ni mzima kuliko mimi.

Mayu aliisikiliza yote, akanirudishia simu. Akasema mkubwa ameshaongea. Kitanda hakihami, marehemu alimwacha kwenye chumba kile na atakaa mle mle.

Wakuu, niliogopa. Mnisikie vizuri, sikukasirika tu, niliogopa. Kila upepo ukivuma naenda kumgongea, nambembeleza aje chumbani kwangu, ananiambia nikalale. Mama yangu alikuwa analala chini ya mti unaodondoka kwa sababu mtu mmoja aliyeko Mwanza hataki kuonekana alikosea. Ningemzika mama kwa ajili ya kiburi cha mtu!

Nikabishana na Bosi mpaka akawa hapokei simu zangu. Nikaona sawa. Krismasi si anakuja?

Akaja na mke wake. Siku zote wakija wanalala chumba cha mbele, mbali na mti. Safari hii nilimwambia Mayu kwamba mgeni ni mtoto wake mkubwa, tumpe kitanda kikubwa, yeye aje alale na mimi. Mayu alifurahi sana, maana kumwachia mwanao kitanda chako ni heshima. Akatoa mwenyewe shuka lake la maua. Nikatundika neti mpya.

Jioni tumemaliza kula, tumekaa nje mbele ya nyumba. Wingu limejipanga upande wa ziwa, huko Nassa kulishakuwa kweusi, na upepo wa mvua ukaanza. Nikamwambia kaka, leo nimekutandikia chumba cha Mayu.

Tabasamu likamwisha usoni. Akainua macho akaangalia bati, akaliangalia lile tawi.

Akaanza na joto. Kwamba chumba kile kina joto sana.

Mayu akamuuliza joto gani na mvua ndiyo hiyo inakuja.

Akahamia kwenye mgongo, kwamba kile kitanda kitamuumiza. Kitanda hicho hicho alichozaliwa juu yake! Mgongo ulipokosa mteja akaleta mbu. Nikamwambia neti ni mpya, bado inanuka dukani. Wifi yangu alikuwa anaangalia sahani tupu kama kuna kitu kimeandikwa.

Mwisho akasema eti walishachukua chumba lodge huko mjini. Mtu ambaye miaka yote anasema kulala lodge kwenu kupo ni kuwadharau wazazi. Akasimama, anapapasa mifuko kutafuta funguo za gari.

Mayu akamuuliza taratibu, "Mti si ulisema ni mzima?"

"Ni mzima Mayu, ila..."

Jicho likamkimbilia tena kwenye lile tawi.

Tangu baba afariki, Mayu humwita Bosi "baba". Akasema kwa sauti ile ile anayotumia kumkaribisha mtu chakula:

"Kumbe ulikuwa unajua, baba."

Akanyanyuka, akaingia chumbani kwangu.

Mimi nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumsimanga, tena makali, nilikuwa nayo tangu Pasaka. Yote yaliniishia. Nilimtazama mama yangu anavyotembea na roho ikaniuma.

Asubuhi Mayu alinituma kwa bwana miti. Hakumpigia mtu simu kuomba ruhusa. Wakaja watu na kamba zao, wakaushusha mjohoro tawi moja moja, bati halikuguswa. Shinani palikuwa pamebaki gome tu, ndani mchwa na unga.

Bosi alikuja kutoka lodge, akarekodi video, akatupia kwenye group: "Tumeamua kuuondoa mti kwa usalama wa mama." Tumeamua! Mashangazi wakamwaga maua tena.

Nilichojifunza ni hiki. Mti ukichipua upande mmoja, ukiota uyoga shinani, ukilia tupu, au ardhi ikipasuka karibu yake, itisha mtu anayejua miti mapema, wakati bado unatibika. Dawa ya pamba ibaki shambani na zege libaki kwenye msingi. Na ukiona mtu anakuhakikishia kwa simu kwamba mti ni mzima, usibishane naye. Mtandikie.

Sasa nyie mlioko mijini, mnaotoa amri kwa voice note kuhusu nyumba wanazolala mama zenu. Semeni hapa chini bila kuzunguka: mkija kusalimia, nyie mnalala chumba kipi?